Mpaka wa Stara na Ghushi

Mkaazi wa pwani aweza kuishi umri wake wote asiione mvua ya mawe ila kwa kusimuliwa. Vipande vya barafu vizaliwavyo ndani ya mawingu marefu ya radi hupita katika hewa yenye joto na kuyeyuka kabla havijaifikia minazi. Bara mambo ni mengine. Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko. Huko barafu ina safari fupi zaidi ya kufika ardhini. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, mvua hiyo ilibomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Mbele ya msiba wa namna hiyo, gari lililobonyea si kitu cha kuliliwa. Hata hivyo uzito wa swali la maadili haupimwi kwa ukubwa wa hasara, na gari lililopigwa mawe, kisha likanyooshwa na kupakwa rangi mpya, lina swali lake.

Babati ni njia panda. Barabara itokayo Arusha hugawika hapo, moja ikaelekea Singida, na nyingine Kondoa hadi Dodoma, kilomita 251 za lami zilizozinduliwa mwaka 2018. Katika mji wa namna hiyo fundi bodi hakosi kazi. Gari lililopigwa mawe humjia na majeraha yake juu: paa, boneti na buti vimejaa mashimo madogo, ilhali milango huenda imesalimika. Fundi mwema hulitazama jioni, jua linapolala, kwani mwanga wa mshazari hufichua ambacho mwanga wa adhuhuri hukifunika. Hushusha kitambaa cha ndani ya paa, akakinga bati kwa kipande cha chuma upande mmoja, na upande wa pili akaligonga taratibu kwa nyundo nyepesi, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Bati lililobonyea limekwisha kutanuka, na pigo la pupa hulitanua zaidi. Baada ya hapo huja msasa, puti nyembamba, msasa tena, praima, vioo kuzibwa kwa magazeti, na mwishowe rangi inayopulizwa kwa kompresa.

Iko njia ya pili, fupi na nafuu. Mashimo hujazwa puti nene pasipo kunyooshwa, yakasuguliwa, yakapakwa rangi. Siku ya kulichukua gari, njia zote mbili hung'aa sawasawa. Tofauti huja baadaye, pale jua na mitetemo ya barabara vinapoipasua ile puti na maji yakapata pa kuingilia. Wahenga wa pwani walikwisha kulisema hilo juu ya kijaluba cha wanja: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Fundi wa njia ya pili hana utetezi, na hapana haja ya kumjadili sana. Mgumu ni wa njia ya kwanza, aliyefanya kazi yake kwa ikhlasi hata alama zote zikatoweka. Je, kulifanya jeraha lisionekane ni wema au ni uwongo? Na mwenye gari atakayeliuza mwezi ujao pasipo kutaja lililotokea, amesitiri au ameghushi?

Kiswahili chenyewe kinatutatiza hapa, nacho chatufaa kwa kututatiza kwake. Neno aibu limetoka katika Kiarabu, na huko lina maana ya dosari, kasoro ya kitu, kabla ya kuwa fedheha ya mtu. Wanazuoni wa fikihi hulitumia hata leo katika mlango wa biashara: bidhaa ikiwa na aibu iliyofichwa, mnunuzi ana khiyari ya kuirejesha. Katika matumizi yetu ya kila siku maana ya kwanza imefifia ikabaki ya pili. Kasoro imegeuka fedheha. Ndiyo maana mwenye gari lililopigwa mawe huona haya kulitembeza mjini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa, ilhali mawe hayo yalitoka mawinguni na hayakumchagua kwa dhambi yake. Kwa mtu huyo rangi mpya ni stara kamili. Hakuna apunjwaye kwa gari kurejeshewa sura yake, kama vile hakuna apunjwaye kwa nguo iliyotiwa kiraka cha ndani.

Stara hubadilika jina pale bei inapotajwa. Waislamu wa pwani wanakijua kisa cha Mtume alipopita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, na vidole vyake vikatoka na umajimaji. Mwuzaji alijitetea kwamba nafaka hiyo ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Kisa hiki kina jambo lipitwalo kwa urahisi: mwuzaji yule hakulaumiwa kwa mvua. Kunyeshewa ni kudura. Lililokuwa lake ni mpangilio wa lundo, kikavu juu na kibichi chini. Wanunuzi wenye uzoefu wa magari nao wana mkono wao wa kutia ndani ya lundo: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Penye bati hushika imara. Penye puti nene hulegea ikaanguka.

Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Tanzania Bara, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, humwachia mnunuzi mzigo mkubwa wa kujichunguzia: akikagua kitu, hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipasa kuzifichua. Sheria yaweza kusimama hapo. Dhamiri haiwezi, kwa kuwa wengi hawana sumaku wala hawajui kwamba waihitaji.

Lakini haki inataka mwuzaji naye asikilizwe. Bima anayolazimishwa na sheria humlinda mtu wa tatu; bati lake mwenyewe hailitazami. Asiyeimudu bima kubwa hulipa fundi kwa fedha za mfukoni, na mara nyingi gari hilo ndilo limlishalo. Akisema kweli wakati wa kuuza, mnunuzi atashusha bei, na hivyo mvua itakuwa imempiga mara mbili. Kwa nini abebe peke yake hasara isiyo na mkosaji? Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kuuza kitu kwa dhiki. Ila mnunuzi naye hakukosa. Kati ya wasiokosa wawili, tofauti iliyobaki ni moja tu: mmoja anajua. Mvua ilipiga pasipo kujua inampiga nani, na anayenyamaza huchagua, kwa kujua, nani apigwe baada yake.

Kipimo, basi, si kwamba alama imefutwa au haikufutwa. Ni hiki: lau mnunuzi angelijua, je, angelitoa bei ile ile? Kama angelitoa, kunyamaza hakumpunguzii kitu, na stara inabaki stara. Kama asingelitoa, ule ukimya una thamani ya fedha, nazo zimetoka katika mfuko wake. Atasema mtu kwamba wanunuzi huogopa kupita kiasi, wakalikataa hata gari lililotengenezwa vyema. Ni kweli, na ndipo ushahidi wa fundi unapohitajika. Yeye peke yake aliliona bati likiwa tupu. Picha chache za simu kabla ya puti kupakwa, na neno lake kwamba kila shimo lilinyooshwa, huyatuliza mashaka ambayo kiapo cha mwuzaji hakiyatulizi. Fundi anayekubali kuambiwa “paka tu, linauzwa” hawezi kunawa mikono kwa kusema yeye si mwuzaji.

Hayo si ndoto za wacha Mungu. Katika minada ya Japani, yanakotoka mengi ya magari ya mtumba yanayopita Babati, kila gari huwa na karatasi yenye mchoro wake, na mkaguzi huandika juu yake herufi U palipobonyea, na W palipotengenezwa pakabaki na mawimbi madogo. Magari hayo huuzwa hata hivyo, kila moja kwa bei yake. Pwani nako, jahazi lililokalafatiwa halimwonei haya mtu. Hupandishwa mchangani mbele ya watu wote, pamba na mafuta vikashindiliwa kati ya mbao, na anayetaka kulinunua huja na fundi wake likiwa kavu.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Hawakusema kila aliye uchi atembee hivyo njiani. Walijua kwamba yako macho yenye haki ya kuona na yasiyo na haki hiyo, na kwamba adabu ni kuyatofautisha. Rangi mpya juu ya bati la Babati ina haki ya kung'aa mbele ya wapita njia wote. Mmoja tu, aliyeshika fedha mkononi, anastahiki kuambiwa chini yake kulikuwa na nini; naye akiambiwa, ile rangi haipungui mng'aro.