Ujira, Fadhila na Uaminifu: Ubishi wa Kumbakiza Nyota wa Besiboli

Mkataba wa nyota wa besiboli unapokwisha, mashabiki wa klabu yake hugawanyika. Wako wanaotaka abakizwe kwa dau lolote atakalotaja, na wako wanaotaka aachwe aende zake. Kwa juu juu ubishi huu ni wa hesabu: umri wake, majeraha yake, idadi ya misimu iliyobaki mwilini. Hesabu hizo zipo, na siku hizi zinapigwa na wataalamu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu. Hata hivyo ubishi hauishi, kwa sababu wabishani hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anauliza mchezaji ataleta nini kesho, mwenzake anauliza klabu inadaiwa nini tangu jana. Swali la kwanza ni la biashara. La pili ni la maadili, na ni kongwe kuliko besiboli yenyewe.

Mfano ulio wazi ni wa Desemba 2022, New York Yankees walipokubaliana na Aaron Judge mkataba mpya wa miaka 9 wenye thamani ya dola milioni 360. Kabla ya msimu huo kuanza alikuwa amekataa dola milioni 213.5 kwa miaka 7, na meneja mkuu wa klabu, Brian Cashman, akazitaja tarakimu hizo hadharani. Judge akaingia uwanjani akapiga hom-rani 62. Hom-rani ni pigo linaloupeleka mpira nje ya uzio na kumpa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote bila bughudha, na 62 zilivunja rekodi ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda Major League Baseball, iliyowekwa na Roger Maris mwaka 1961. Klabu ya San Francisco Giants, ya jimbo la California alikokulia, ilikuwa ikimmezea mate. Waliotaka abaki walisema ameibeba timu peke yake. Waliosita walisema ameshafika miaka 30, ana urefu unaozidi mita mbili, na miili mikubwa kiasi hicho haizeeki vizuri.

Ili kuuona ubishi ulivyo, inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo fiqhi ya Kiislamu imeyatenganisha kwa karne nyingi: ijara na hiba. Ijara ni malipo ya kazi au manufaa yanayojulikana, kwa muda unaojulikana. Hiba ni zawadi. Anayeitoa hadai chochote badala yake. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeandika vitabu saba juu ya fadhila, aliufikia mpaka huohuo kwa njia yake: anayetoa huku akipiga hesabu ya kurudishiwa amekopesha, hakufadhili. Mkataba wa Judge ni ijara. Unalipia misimu ya 2023 hadi 2031. Zile hom-rani 62 zilikwisha kulipiwa, kwa dola milioni 19 za msimu wa 2022. Shabiki anayesema kwamba Judge anastahili milioni 360 kwa yote aliyoyafanya anaibadilisha ijara kuwa hiba, tena hiba ya mali isiyo yake.

Mwenye kupiga hesabu hupenda kuishia hapo akidhani ameshinda. Hajashinda, kwa kuwa kuna jambo ambalo hesabu yake imeliruka, nalo ni namna wachezaji vijana wanavyolipwa.

Katika Major League Baseball mchezaji hawi huru kujitafutia klabu mpaka atimize miaka sita ya utumishi. Katika miaka ya mwanzo klabu humpangia mshahara karibu itakavyo, mradi usishuke chini ya kima kilichowekwa. Baadaye hupata haki ya kupeleka madai yake kwa msuluhishi, lakini si haki ya kuondoka. Mwaka 2017 Judge alipiga hom-rani 52, akatajwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake, na mshahara wake ulizidi kidogo tu dola nusu milioni. Albert Pujols alipoanza na St. Louis Cardinals mwaka 2001 alilipwa dola 200,000, kima cha chini cha mwaka huo, akacheza kama mtu mzima aliyekubuhu. Mfumo wote umejengwa hivi: kijana hulipwa pungufu ya anachokitoa, mkongwe hulipwa zaidi. Kwa mtazamo huu anayesema klabu inadaiwa haombi fadhila. Anataja malimbikizo ya mshahara.

Inaweza kujibiwa kwamba hapakuwa na dhuluma, maana masharti hayo yamo katika makubaliano kati ya klabu na chama cha wachezaji. Jibu hili lina uzito, ingawa si mkubwa kama linavyodhaniwa. Ridhaa ya mtu asiye na mahali pengine pa kwenda ni ridhaa nyembamba, na kijana wa miaka 21 hakuwepo mezani makubaliano yalipofikiwa. Udhaifu halisi wa hoja ya deni uko kwingine: mdaiwa ni nani? Nyota akihama, klabu mpya ndiyo inayolipa malimbikizo ya klabu ya zamani. Deni linalolipwa na asiyekopa ni deni la ajabu.

Kisa cha Pujols kinaonyesha ajabu hiyo kuliko kingine chochote. Katika misimu 11 aliwapigia Cardinals hom-rani 445, akawa mchezaji bora wa National League mara tatu na kutwaa nao ubingwa wa World Series, fainali ya msimu, mwaka 2006 na 2011. Baada ya ubingwa wa pili mkataba wake uliisha. Cardinals walitoa dau, Los Angeles Angels wakatoa kubwa zaidi, na Desemba 2011 akasaini kwa Angels miaka 10 kwa dola milioni 240. Akiwa na Angels hakurudia makali yake ya St. Louis, na katika miaka hiyo yote klabu ilifika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2014, ikatolewa bila kushinda hata mechi moja. Mei 2021 wakamwacha kabla mkataba haujaisha. Huku nyuma, Cardinals walikuwa wamefidiwa nafasi katika uteuzi wa wachezaji chipukizi, wakaitumia kumchukua mrushaji Michael Wacha, na mwaka 2013 Wacha akawasaidia kufika fainali. Angels walilipia kumbukumbu za St. Louis, St. Louis wakavuna.

Wengi husoma kisa hiki kama ushahidi kwamba wapiga hesabu wana haki. Usomaji huo una kasoro. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili tatizo ambalo tangu hapo limekuwa likiitwa bahati katika maadili: watu husifiwa na kulaumiwa kwa matokeo ambayo hayakuwa mikononi mwao. Uamuzi wa Desemba 2011 haukuwa na habari za magoti na nyayo za Pujols za mwaka 2013. Aliyeshauri abakizwe hakuwa mjinga kwa sababu tu mwili ulikataa baadaye, na aliyeshauri aachwe hakuwa na hekima kwa sababu tu Wacha alirusha vizuri. Judge anathibitisha hivyo kutoka upande wa pili. Msimu wake wa kwanza katika mkataba mpya uliharibiwa na jeraha la kidole cha mguu, na wenye wasiwasi wakajiona manabii. Uliofuata, wa 2024, akapiga hom-rani 58 na kuwa tena mchezaji bora wa ligi. Kama matokeo ndiyo hakimu, basi hukumu hubadilika kila mwaka, na hakimu wa namna hiyo hafai.

Neno linalotumika sana katika ubishi huu, na linalotumika vibaya kuliko mengine, ni uaminifu. Nyota anayehama huitwa msaliti. Huambiwa kwamba wachezaji wa zamani hawakuwa hivyo, walivaa jezi moja mpaka wanastaafu. Ni kweli wengi walivaa jezi moja, lakini sababu yake haikuwa mapenzi. Tangu karne ya 19 mikataba ya besiboli ilikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kuendelea kummiliki mchezaji hata baada ya msimu kwisha. Klabu iliweza kumuuza, kumbadilisha au kumtema. Yeye hakuweza kwenda popote. Boston Red Sox walimuuza Babe Ruth kwa Yankees kwa dola 100,000, mauzo yaliyotangazwa Januari 1920, na hakuna aliyehitaji ridhaa ya Ruth.

Aliyekipinga kifungu hicho kwa gharama ya maisha yake ya mchezo ni Curt Flood. Alikuwa ameichezea Cardinals misimu 12 alipoambiwa Oktoba 1969 kwamba amepelekwa Philadelphia. Akakataa. Desemba akamwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kumweleza kwamba baada ya miaka hiyo yote hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali atakalo. Flood alikuwa Mmarekani Mweusi, na watu walielewa alikuwa akigusa kidonda gani. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972 kwa kura 5 dhidi ya 3. Ushindi ulikuja kwa wengine: Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally, ambao msimu mzima ulipita bila wao kusaini mkataba, walikuwa huru. Kutoka hapo ndipo yakatokea masoko ya wachezaji huru, na ndani yake milioni 360 za Judge.

Maana ya historia hii kwa neno uaminifu ni kubwa. Mwanafalsafa Mmarekani Josiah Royce, katika kitabu chake cha 1908 kuhusu uaminifu, aliiweka hiari ndani ya fasili yenyewe: mwaminifu ni aliyejitoa kwa kupenda. Asiyeweza kuondoka hawezi kusifiwa kwa kubaki, kama vile mfungwa hasifiwi kwa kulala nyumbani mwa serikali kila usiku. Kwa hiyo masoko yanayolaumiwa kwa kuua uaminifu ndiyo yaliyouwezesha. Kati ya nyota wa zama za kifungu, ni wachache tu ambao uaminifu wao unaweza kupimwa. Mmoja ni Stan Musial wa Cardinals. Mwaka 1946 ligi ya Mexico, ikiongozwa na tajiri Jorge Pasquel, ilimwahidi fedha nyingi kuliko alizokuwa akipata, na baadhi ya wenzake wa St. Louis walikwenda. Yeye alibaki. Msimu huo mmoja unasema zaidi juu ya Musial kuliko misimu yake mingine yote 21, ambayo hakuwa na mlango wa kutokea.

Uaminifu pia una pande mbili, na klabu mara nyingi husahau upande wake. Brooklyn Dodgers walikuwa roho ya mtaa wao; baada ya msimu wa 1957 mwenye klabu akaihamishia Los Angeles, na waliokuwa wakijaza uwanja hawakuulizwa. Ni vigumu kumdai mchezaji kiapo ambacho mwajiri wake hajawahi kukila.

Hapo ndipo linapojitokeza neno dogo lililojificha katika ubishi tangu mwanzo: "sisi". Shabiki wa Yankees husema tumembakiza Judge, kama shabiki wa Kariakoo anavyosema tumesajili straika. Lakini "sisi" hizo mbili hazilingani. Yanga na Simba zilianzishwa kama klabu za wanachama, na mwanachama mwenye kadi ana chembe ya haki ya kusema tumesajili. Yankees ni mali ya watu binafsi. Familia ya Steinbrenner imeishika tangu 1973. Shabiki wake hasaini, hapigi kura, na fedha zake huishia dirisha la tiketi. Ni kweli pia kwamba bila yeye hakuna kitu cha kusainiwa, maana milioni 360 zinatoka katika mapenzi yake na ya wenzake, kupitia tiketi, jezi na televisheni. Kwa hiyo "sisi" yake si uongo, ila inampa neno la kusema bila kumpa sauti ya kuamua. Ndiyo maana ubishi wake una joto jingi. Anayeamua ana karatasi za kusoma. Asiyeamua ana maneno tu.

Kutokana na haya, hukumu juu ya dau haihitaji kubeba mzigo wa shukrani. Klabu ikimbakiza nyota wake imlipe kwa kazi inayoitarajia, na ikiwa mfumo uliwapunja vijana, dawa ni kuwalipa vijana. Ikimwacha aende haijamtukana. Shukrani ina sarafu yake, nayo haiko katika mikono ya mwenye klabu. Juni 2019 Pujols alirudi St. Louis kwa mara ya kwanza akiwa na jezi ya Angels, zaidi ya miaka saba baada ya kuitwa msaliti na baadhi ya watu wa mji huo. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Siku iliyofuata akapiga hom-rani dhidi ya Cardinals, na mashabiki wa Cardinals wakapiga makofi mpaka akatoka tena kwenye kibanda cha wachezaji, akawavulia kofia.