MITO NA MVUA VINA MOLA MMOJA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye mvua kwa kadiri aitakayo na kuihuisha kwayo nchi iliyokuwa imekufa. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Hapana kiumbe aishiye bila maji, na kwa sababu hiyo vitu ni vichache vilivyowapa watu wachache nguvu juu ya watu wengi kama maji. Mwenye kushika mto, au kisima, au hata kudhaniwa tu kuwa ameishika mvua, watu humwendea kwa unyenyekevu; na moyo wa mwanadamu ni dhaifu, haukawii kuiona heshima ile kuwa ni haki yake. Jambo hili lilipita katika mabonde ya mito mikubwa ya kale, na lilipita vile vile katika nchi kavu ya Ugogo. Katika kurasa hizi chache zimekusanywa khabari za pande zote mbili, ili Muislamu wa Dodoma, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni ajue sharia inamtaka nini yeye aliyejaaliwa kisima, mifugo na jirani.

FASLU YA KWANZA: Falme za mito

Misri ni nchi ya jangwa, na uhai wake wote ni mto Nili. Zamani mto huo ulikuwa ukifurika kila mwaka kwa mvua zinyeshazo katika milima ya Habash, ukaacha udongo mweusi wenye rutuba. Maji yakisha kupungua, watu wakapanda ngano na shayiri. Tangu yapata mwaka 3100 kabla ya Nabii Isa (A.S.) nchi ile ilikuwa chini ya mfalme mmoja, na watu wake wakamhesabu kuwa ni mungu, au mwana wa mungu. Makarani walipima kimo cha mafuriko na kukiandika mwaka baada ya mwaka. Jiwe moja lenye hesabu hizo limehifadhiwa hata leo katika mji wa Palermo. Mkulima alilima, na sehemu ya mavuno yake ikaingia katika ghala za mfalme na za mahekalu.

Firauni wa zama za Nabii Musa (A.S.), kama alivyotupa khabari Mwenyezi Mungu katika Sura ya Zukhruf, aliwanadia watu wake akajifakhari kwa ufalme wa Misri na kwa mito ipitayo chini yake. Na itazamwe vema hoja yake. Aliwaonyesha watu maji tu, kwani alijua kwamba mwenye njaa na kiu hadai ushahidi mwingi. Watu wakamtii, na kifo chake kikawa ndani ya maji. Walakini hata kabla ya hapo ushahidi ulikuwa umekwisha kuonekana. Yapata mwaka 2200 kabla ya Nabii Isa mafuriko ya Nili yalipungua, njaa ikaingia, na dola ya wafalme waliojenga mapiramidi ikavunjika. Wanavyuoni wengi wa taarikh huuhesabu upungufu ule kuwa miongoni mwa sababu za kuvunjika kwake. Aliyeitwa mungu hakuweza kuuongeza mto dhiraa moja.

Katika Iraq, baina ya Dajla na Furati, maji hayakuja kwa utaratibu kama ya Nili. Ilibidi watu wachimbe mifereji na kujenga kingo, na kazi hiyo haifanyiki ila kwa watu wengi kukusanyika. Miji ikatokea, na kila mji ukawa na mungu wake na hekalu lake; mji wa Uru uliabudu mwezi, na jengo kubwa la ibada hiyo, lililojengwa yapata mwaka 2100 kabla ya Nabii Isa, magofu yake yangali yamesimama. Katika nchi hiyo ndipo Nabii Ibrahim (A.S.) alipoitazama nyota, na mwezi, na jua, akawaonyesha watu wake kwamba kitu kichwacho hakifai kuabudiwa. Hammurabi, mfalme wa Babeli, katika sharia zake za yapata mwaka 1750 kabla ya Nabii Isa, aliweka hukumu ya mtu aliyepuuza ukingo wa mfereji wake hata maji yakaharibu mashamba ya wenziwe: alipe nafaka iliyopotea, na akishindwa, auzwe yeye na mali yake. Ndani ya hukumu hiyo mna haki, kwani jirani alilipwa. Na ndani yake mna ukali, kwani mtu huru alitiwa utumwani kwa ufa wa mfereji.

Katika bonde la mto Sindh ulikuwako mji uitwao leo Mohenjo-daro, uliokuwa katika ustawi wake yapata mwaka 2500 kabla ya Nabii Isa. Maandishi ya watu wake hayajasomeka hata sasa, wala haikuonekana humo kasri iliyo dhahiri kuwa ni ya mfalme. Walakini vimeonekana visima mamia, vimejengwa kwa matofali, na mitaro ya maji machafu mbele ya nyumba.

Na watu wa Saba katika Yemen walijenga boma kubwa la maji huko Maarib, likamwagilia bustani upande wa kulia na upande wa kushoto. Qur'ani imeeleza kuwa waliamrishwa kula na kushukuru, wakapuuza, mafuriko yakaletwa juu yao. Yako maandishi juu ya mawe yaelezayo jinsi boma lile lilivyobomoka na kutengenezwa. Moja katika hayo ni la Abraha, la mwaka 548. Baadaye likabomoka lisitengenezwe tena, na watu wakatawanyika.

FASLU YA PILI: Nchi kavu ya Ugogo

Mtu aweza kusema: hayo ni ya watu wenye mito mikubwa, nayo Dodoma ina nini? Mvua ya Dodoma kwa wastani ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Mto Bubu washuka kutoka Kondoa ukaishia katika mbuga ya Bahi, haufiki baharini. Mito mingi mingine huwa ni mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na watu huchimba katika mchanga huo hata wayafikie maji. Nchi kama hiyo haiwezi kumlea Firauni mwenye ghala na mapiramidi. Walakini uchache wa maji nao huleta mtihani ule ule ulioletwa na wingi wake.

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Msafara ukisha kuacha Mpwapwa na Chunyo uliingia pori la Marenga Makali, maana yake maji machungu, ukavuka kwa kiu. Na ukitoka huko ulikuwa hauna hila ila kupiga kambi karibu na visima vya Wagogo. Kila mtemi akatoza hongo ya nguo na shanga kabla ya msafara kupita katika nchi yake. Burton aliyepita mwaka 1857 na Stanley aliyepita mwaka 1871 wote wawili walilalamika, na wote wawili walimtaja Magomba, mtemi wa Kanyenye. Insafu yataka yasemwe ya pande mbili. Wenyeji walikuwa na haki juu ya visima walivyochimba kwa mikono yao, na msafara wa watu mamia waweza kukikausha kisima kwa siku moja. Na wenye misafara, wengi wao wakiwa ni Waislamu, walipitisha humo pembe na watumwa waliofungwa minyororo. Basi aliyelalamikia dhulma ya hongo angalitazama kwanza dhulma iliyokuwa nyuma yake mwenyewe katika safu ya wapagazi.

Mtemi wa Ugogo hakuheshimiwa kwa visima peke yake. Alikuwa na kigoda cha utemi na mawe ya mvua aliyorithi kwa wazee wake, na watu waliitakidi kwamba mvua na rutuba ya nchi vimefungamana naye. Mvua ikinyesha, sifa zilikuwa zake. Ikikawia, lawama zilikuwa zake. Utawala wa watemi ulifutwa kwa sharia ya serikali mwaka 1963, walakini itikadi haifutwi kwa sharia ya serikali. Huko Kolo, katika Kondoa, yako majabali yenye michoro ya watu wa kale, yaliyotiwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Na katika jabali liitwalo Mungomi wa Kolo wangaliko watu waendao kufanya matambiko ya kutaka mvua. Michoro ni athari ya waliopita, na kuihifadhi ni jambo jema. Ama kuliomba jabali, au mzimu, au mganga, kuwa ndiye aletaye mvua, hilo ni jambo lile lile la watu wa Nili, ingawa hapa hapana mfalme wala hekalu.

Na iko khabari moja ambayo kila mzee wa Ugogo aliisikia kwa wazee wake, nayo ni njaa iliyoitwa Mtunya, baina ya mwaka 1917 na 1920. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini kabla ya mvua kukosekana, majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, na nafaka, na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Ukame ulikuta nyumba ambazo ghala zake zimekombwa na wanaume wake hawako. Basi asiseme mtu kwamba watu wale waliuawa na mbingu peke yake. Mkono wa binadamu ulitangulia.

FASLU YA TATU: Sharia yasema nini juu ya maji

Bwana Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, na malisho, na moto. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama siku ya Kiyama ni yule mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameziweka hukumu za jambo hili katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika madrasa za Kishafi. Muhtasari wake ni huu. Maji ya mabonde na ya chemchemi za milimani watu wote ni sawa kwayo. Wakitaka kumwagilia mashamba na maji yakawa machache, aanze aliye juu, ayazuie mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amwachie aliye chini yake. Mwenye kuchimba kisima katika nchi isiyo na mwenyewe ili atumie awapo hapo tu, yeye ndiye mwenye haki zaidi mpaka ahame. Mwenye kuchimba ili akimiliki, au akachimba katika milki yake, ameyamiliki maji yake. Wala halazimiki kutoa ziada kwa shamba la mwenziwe, lakini ni wajibu juu yake kutoa ziada kwa mifugo. Wanavyuoni wameeleza sharti zake: yawe yamezidi haja yake, yawe yangali kisimani, pawe na malisho karibu, wala pasiwe na maji mengine ya halali. Zikitimia sharti hizo, haijuzu kutaka malipo. Ama maji aliyoyateka mtu katika chombo chake ni mali yake, naye aweza kuyauza.

Basi na ayapime mambo haya mwenye kisima cha mashine katika Dodoma ya leo. Kuuza maji aliyoyavuta na kuyatia katika tangi ni halali, na gharama ya mashine si dhulma. Lakini kuufunga mlango mbele ya mtu aliyeelemewa na kiu, au kumfukuza mfugaji na ng'ombe wake hali maji yamebaki kisimani na hapana pengine pa kuwanywesha, hilo haliwi halali kwa hati ya kiwanja wala kwa kufuli. Sharia ya nchi nayo, ya mwaka 2009, imeyafanya maji ya Tanzania Bara kuwa ni ya umma, Rais akiyashika kwa amana ya raia. Amana husalitika, Firauni na watu wa Saba ni ushahidi wa hayo.

KHATIMA: Kutoka kwenda kuomba mvua

Mvua ikikawia, sunna ni Sala ya Istiska. Wengi hudhani sala hiyo huanza pale watu wanapokusanyika uwandani, na sivyo. Fiqhi ya Kishafi yasema imamu awaamrishe watu kwanza wafunge siku tatu, watubu, watoe sadaka, na watoke katika dhulma zote walizowatendea watu, za damu, na heshima, na mali. Siku ya nne ndipo watoke, nao wamefunga, kwa nguo za kazi, na watoto, na wazee, na wanyama. Zisaliwe rakaa mbili kama za Idi, zifuatwe na khutba yenye istighfari nyingi, na imamu ageuze shuka lake. Katika siku hizo tatu na irudishwe mipaka ya mashamba iliyosogezwa, na walipwe vibarua ujira wao, na kifunguliwe kisima kilichofungwa. Asiyefanya haya akatoka uwandani, huyo amekwenda kuomba kwa Mola kile alichowanyima waja wake.

Katika mwaka wa 18 wa Hijra, Hijazi ilipatwa na njaa kubwa, mwaka ulioitwa Ramada. Sayyidna Umar (R.A.) aliandikia Sham iletwe nafaka, naye mwenyewe akajinyima samli na nyama mpaka watu wapate. Kisha akatoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Al-Abbas, ami yake Mtume, katika dua. Baadaye akawa mtawala wa Nili na Furati zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo Firauni hakulipata; na hakusema kuwa mto hata mmoja ni wake.

Ewe Mola, tunyeshee mvua yenye manufaa isiyo na madhara. Utusamehe tulichowanyima viumbe wako. Wala usitufanye miongoni mwa waliopewa maji wakasahau kushukuru. Amin.