Kiti Kitupu

Katika treni za chini ya ardhi mjini Seoul kuna viti vya rangi ya waridi, vilivyotengwa kwa ajili ya wajawazito tangu mwaka 2013. Kwenye ncha za behewa kuna viti vingine vya wazee na watu wenye ulemavu. Wapo wanaovikalia wasiohusika, lakini mara nyingi asubuhi, watu wakiwa wamebanana mlangoni, utakuta kiti cha namna hiyo kiko wazi na vijana wamesimama pembeni yake.

Kwa mgeni aliyetoka Dar es Salaam, huo ni upotevu wa kiti. Kwetu anakaa aliyewahi, kisha anampisha mwenye shida. Mjamzito akipanda daladala, konda hupaza sauti, “Mpisheni mama akae!” na mtu huinuka. Hata kiti kikikosekana, aliyekaa huweza kukupokea mfuko, au akampakata mwanao bila kujua jina lako. Ukilinganisha na hayo, kiti kitupu kinaonekana kama utii wa kanuni tu, usio na utu ndani yake.

Lakini mfikirie mwanamke mwenye mimba ya miezi miwili. Kichefuchefu anacho, tumbo halijaonekana. Ndani ya daladala, ili apishwe, inabidi awatangazie abiria jambo ambalo pengine hata mama mkwe hajaambiwa. Konda hawezi kumtetea kwa kitu asichokiona. Seoul kiti kinamsubiri. Na anayetaka kujitambulisha bila kusema neno hupewa beji ya waridi katika kituo cha afya cha serikali, akaining’iniza kwenye mkoba.

Kwa hiyo swali si watu gani ni wema zaidi. Swali ni nani anayelipia gharama ya wema. Katika daladala analipa mhitaji: lazima aonekane, aombe, kisha ashukuru. Katika treni ya Seoul wanalipa wote kidogo kidogo, kwa kusimama kando ya kiti kitupu. Mimi naona mgawanyo huu wa pili ni wa haki zaidi, maana mhitaji tayari ana mzigo wake.

Hata hivyo, kanuni inayokuonyesha wajibu wako unapoanzia hukuonyesha pia unapoishia. Viti vya wazee vikijaa, bibi anaweza kusimama mbele ya viti vya kawaida vituo kadhaa, na waliokaa wameinamia simu zao. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote. Vivyo hivyo kwa aliyetoka zamu ya usiku, au aliyepigiwa simu ya msiba: hakuna kiti chenye rangi yao. Hao hawana wa kuwatetea isipokuwa abiria aliyeinua macho akawaona.