Vijiti Viwili na Chungu cha Jirani

Masomo: 1 Wafalme 17:8-16; Matendo ya Mitume 28:1-10; Luka 10:8

  

Hapa Nakivale, jioni inapofika, karibu kila nyumba ina maswali mawili. La kwanza: leo tutakula nini? La pili: kuni ziko wapi? Swali la pili watu wengi hawalitaji kanisani. Tunaomba juu ya chakula, tunaomba juu ya ugonjwa, tunaomba juu ya amani ya Kongo na Burundi, lakini ni nani amewahi kusimama mbele ya kanisa akaomba juu ya kuni? Hata hivyo akina mama wanajua kwamba unga bila moto si chakula. Wako kati yetu waliouza sehemu ya unga ili wapate kuni za kupikia unga uliobaki. Na tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, na tena mwaka 2025 familia nyingi zilipoondolewa katika orodha, maswali hayo mawili yamezidi kuwa mazito.

Kwa hiyo tumeona vema tuchunguze pamoja Neno la Mungu linasema nini juu ya kuni, moto na chungu.

1. Eliya alikuwa mkimbizi

Tunamjua Eliya kama nabii mkubwa. Lakini katika sura ya 17 ya Wafalme wa Kwanza tunamkuta akiwa mtu asiye na kwao. Mfalme Ahabu anamtafuta. Mvua imekatika. Kijito cha Kerithi alichokuwa akinywa maji yake kimekauka. Ndipo Mungu anamwambia avuke mpaka, aende Sarepta katika nchi ya Sidoni, ambayo leo ni sehemu ya Lebanoni.

Angalieni jambo hili. Malkia Yezebeli, aliyewaua manabii wa Bwana, alikuwa binti wa mfalme wa Wasidoni. Maana yake Mungu alimpeleka mtumishi wake akatunzwe katika nchi alikotoka adui yake. Sisi tungechagua mahali pengine. Wengi wetu tumekuja hapa na majina ya makabila na mataifa ambayo tuliapa hatutakaa nayo tena. Leo tunachota maji katika bomba moja. Mungu hakosei anapochagua jirani.

Eliya alipofika kwenye lango la mji alimkuta mjane akiokota kuni. Hakuwa na tita. Alitafuta vijiti viwili tu, kwa sababu unga wake ulikuwa konzi moja, na baada ya kula yeye na mwanawe alitazamia kufa. Akina mama wa kanisa hili wanaweza kulieleza fungu hilo kuliko sisi waandishi. Mtu akiona kuni anazohitaji mama, anajua hali ya pipa lake.

Mungu hakuwaita matajiri wa Sarepta. Alimtumia mwanamke wa vijiti viwili. Na pipa halikuisha unga, wala chupa haikupungukiwa mafuta, mpaka mvua iliporudi.

Hapa tunaomba tueleweke. Hatuandiki haya ili mtumishi yeyote aende kumdai mjane unga wake kwa kusema, nipikie mimi kwanza. Eliya alisema vile kwa sababu alikuwa na ahadi ya Mungu mkononi, na ahadi ile ilikuwa kwa ajili ya mjane na mtoto wake pia. Wote watatu walikula. Mahali ambapo mtumishi anashiba na mjane analala njaa, hiyo si Sarepta.

2. Kula kilichowekwa mbele yako

Tufikiri pia juu ya chakula chenyewe. Eliya alikuwa Mwisraeli wa Gileadi. Yule mama alikuwa Msidoni, na alipozungumza juu ya Mungu alimtaja kuwa Mungu wa Eliya, hakusema Mungu wetu. Mkono wake ulikanda unga kwa desturi ya kwao. Lakini Biblia haituambii kwamba nabii alilalamika. Alikula siku nyingi. Na Bwana Yesu alipowatuma wale sabini aliwaagiza wale vitu wanavyowekewa mbele yao.

Sisi tumekuja na vyungu vyetu moyoni. Mtu wa Fizi na Uvira anataka bugali wa muhogo, sombe yenye mawese, na ndagala wa ziwa Tanganyika. Mtu wa Masisi anakumbuka viazi na maharage. Tulipofika hapa tulipewa posho ya mahindi, na wako waliosema, hiki si chakula, hiki ni cha kufungia tumbo tu. Tukawaona wenyeji Wanyankole wakila karo ya ulezi pamoja na eshabwe, na wengine wetu tukacheka. Tukawaona Wasomali wakimimina uji mwepesi juu ya kikaango na kuuita mkate.

Kudharau chakula cha mtu ni kumdharau mama yake. Tena mwenye dharau hajifunzi. Hebu tuone hao majirani wanatufundisha nini juu ya kuni.

Mkate wa Wasomali, canjeero, unga wake hukorogwa na kuachwa uchachuke. Asubuhi kila mkate huiva kwa dakika chache tu. Kazi ya usiku imefanywa na chachu, bila kijiti hata kimoja. Eshabwe hutengenezwa kwa samli, maji na chumvi ya mawe, kwa kupigwapigwa mpaka iwe nyeupe na laini. Mchuzi huo hauwekwi motoni. Na katogo, ambayo watu wa magharibi ya Uganda huila asubuhi, ni ndizi na maharage au nyama za ndani katika chungu kimoja, juu ya moto mmoja. Sisi tunapika bugali peke yake, kisha mboga peke yake, na moto unakula kuni mara mbili.

Na sisi pia tunacho cha kufundisha. Mwenyeji akiona sombe, anashangaa kwamba majani ya muhogo huliwa. Mama zetu wanajua kuyatwanga katika kinu mpaka yalainike, na kuyachemsha muda mrefu. Neno la kuangalia: majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Muhogo mchungu nao una sumu, unahitaji kulowekwa na kukaushwa vizuri. Kwa hiyo mtu asifupishe kazi hiyo kwa sababu ya uhaba wa kuni. Kama kuni hazitoshi kwa sombe, pika kitu kingine siku hiyo. Kwa maharage njia ipo: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yachemshe vizuri kwa nguvu, kisha chungu chenye kifuniko ukiweke ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya ndizi au blanketi kuukuu. Joto lililomo litaendelea kuivisha bila moto.

3. Paulo aliokota kuni

Sasa tumtazame mgeni mwingine. Katika Matendo 28 Paulo ni mfungwa aliyevunjikiwa na merikebu. Watu 276 wametoka baharini wakiwa wamelowa, katika kisiwa cha Malta, ambacho Biblia yetu inakiita Melita. Mvua inanyesha na baridi ni kali. Wenyeji ambao hawakuijua lugha ya wageni wale wakawasha moto, wakawakaribisha wote.

Kuota moto tunakujua. Wale waliotoka katika milima mirefu ya Kivu wanakumbuka nyumba yenye mafiga katikati, watoto wakizunguka, babu akisimulia. Hapa usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi hupenya katika shitingi, na moyo hukumbuka nyumbani.

Lakini Paulo alifanya nini? Hakukaa kungoja kuota moto wa watu. Aliokota mzigo wa kuni akautia motoni. Huyu ni mtume, msomi, mtu mzima, tena mfungwa. Hatusomi kwamba alitafuta mwanamke wa kumtuma. Basi akina baba, tunasema nanyi, na sisi waandishi tukiwemo. Katika nyumba zetu tumesema kuni ni kazi ya wanawake. Tunajua njia wanazopita mabinti zetu, na tunajua yaliyowapata wengine huko porini, mambo ambayo hurudi nayo kimya na hawayasemi. Baba anayebaki kivulini akicheza karata wakati binti yake wa miaka 12 anakwenda mbali peke yake kutafuta kuni, asome Matendo 28 kwa magoti. Binti asiende peke yake. Waende watu wengi pamoja, mchana, na wanaume wawepo. Afadhali baba abebe tita kichwani na kuchekwa, kuliko mtoto abebe jeraha maisha yake yote.

Katika kuni zile nyoka alitoka akamshika Paulo mkono. Mara wenyeji wakasema, huyu ni muuaji. Jambo hilo halituhusu kweli? Kosa moja la mkimbizi mmoja, na wote tunaitwa wezi wa miti. Paulo hakugombana. Alimkung'utia yule nyoka motoni, akaendelea kukaa nao kwa miezi 3, akamwombea baba yake Publio aliyekuwa na homa na kuhara damu, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakapona. Walimpa moto, naye akawapa alichokuwa nacho.

Ndugu zetu, vilima vinavyotuzunguka vilikuwa na miti mingi kuliko leo. Mwenyeji anapolalamika juu ya shamba lake, asionekane adui. Tusikate mti wa mtu bila kumwomba. Na kila nyumba ipande. Greveria na kaliandra hukatwa matawi na kuchipua tena, hivyo mtu anapata kuni bila kuua mti. Wako wanaosema, kwa nini nipande, mimi ni mpitaji? Mjane wa Sarepta naye aliona anapika mara ya mwisho. Panda. Usipoota wewe moto wake, ataota mwingine, na atamshukuru Mungu.

4. Moto unaotunza na moto unaoua

Neno la mwisho ni la usiku wa leo, tafadhali lisomwe kwa sauti nyumbani. Familia moja tunayoijua, kwa sababu ya baridi, iliingiza mbabula ya makala ndani ya nyumba, hiyo ambayo wenyeji huita sigiri, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makala yalikuwa mekundu, hayatoi moshi, wakaona ni salama. Usiku mtoto mchanga alilia sana. Mama alipojaribu kuinuka alianguka, kichwa kikimuuma na miguu haina nguvu. Alitambaa mpaka mlangoni akaufungua. Kwa kilio hicho Mungu aliwaokoa watu sita.

Makala yanapowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaua mtu usingizini. Kwa hiyo usilale na mbabula ndani ya nyumba, hata kama imebaki majivu ya moto. Ota moto nje. Mtu akiumwa kichwa, akizunguzungwa au kutapika karibu na makala, mtoe haraka kwenye hewa safi na kumpeleka kituo cha afya. Kuni nazo, moshi wake huharibu vifua vya akina mama na watoto: tumia zilizokauka na kupasuliwa vipande vidogo, na jiko la udongo lenye njia ya moshi. Kwa baridi ya usiku, lalieni pamoja, na aliye na blanketi mbili amkumbuke asiye nayo. Ndivyo Yohana Mbatizaji alivyofundisha juu ya kanzu.

Wapendwa, baada ya kufufuka Bwana Yesu mwenyewe aliwangoja wanafunzi wake ufuoni, na moto wa makaa ulikuwa tayari, samaki juu yake na mkate. Aliyeshinda mauti hakuona haya kuwa mpishi wa watu waliochoka. Basi juma hili kila nyumba ifanye jambo moja: mpelekee jirani wa kabila lingine sahani moja ya kwenu, au mpelekee mama mzee mmoja kuni. Na ukikaribishwa, kula, ushukuru, na uulize linapikwaje.

Tuombe: Ee Baba, uliyeona vijiti viwili vya mjane, ona mafiga yetu. Walinde binti zetu njiani. Utupe unga na moto wa kuupika, na moyo wa kula pamoja na wale tusiowazoea. Wabariki wenyeji waliotupokea. Na siku utakapoturudisha kwetu, tusisahau chungu cha jirani. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.