Wajane Waliosahauliwa

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7



Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, tena limejaa Roho, na bado likawasahau wajane. Tusilipite jambo hili upesi. Waliosahau hawakuwa watu waovu. Walikuwa Mitume wenyewe, wenye kazi nyingi. Chakula kiligawanywa kila siku, lakini wajane wa wale waliosema Kiyunani walipitwa, na manung'uniko yakaanza.

Sisi tuliozoea vikao tunajua jinsi manung'uniko yanavyopokewa. Mwenyekiti hukohoa, kisha husema hayo yatazungumzwa kwenye mengineyo. Na mengineyo hayafikiwi, kwani jua limekuwa kali. Mitume hawakufanya hivyo. Waliita jamii yote ya wanafunzi, wakawaambia wachague watu saba. Someni majina ya hao saba, tangu Stefano hadi Nikolao wa Antiokia: yote ni ya Kiyunani. Yaani kazi ya kugawa waliwekewa mikononi watu wenye majina ya upande uleule uliolalamika.

Miaka zaidi ya thelathini iliyopita, tulipokuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha Ugogo, tuliwekwa katika kamati ya maji, na kalamu ya katibu ilikuwa mkononi mwetu. Kisima kirefu kilikuwa kimechimbwa, bomba limefika karibu na kanisa, nasi tukakaa kupanga saa za kulifungua. Tulikuwa wanaume tisa. Tulikutana saa mbili asubuhi, mwezi wa Oktoba, nanyi mnaijua Oktoba ya huku kwetu: saa hizo wanawake wako korongoni, wamefukua mchanga, wanangoja maji yajikusanye. Hakuna aliyewakataza kuja. Tulichagua tu saa ambayo wasingeweza kuja. Tukaamua bomba lifunguliwe saa tatu hadi saa tano, kwa kuwa mwenye ufunguo alitaka kwanza kupeleka ng'ombe wake malishoni. Muhtasari tuliuandika kwa mwandiko mzuri sana.

Basi wanawake wakawa wanapita alfajiri mbele ya bomba lenye kufuli, ndoo tupu kichwani, wakienda korongoni kama zamani. Kamati ikasema hawa hawapendi maendeleo. Hata hilo tuliliandika. Ndipo siku moja bibi wa mwanafunzi wetu, mjane, alisimama penye uwanja wa shule akatuuliza kwa Kigogo, "Mwalimu, kwenu uji wa watoto hupikwa saa ngapi?"

Hatukuwa na jibu.

Mkutano wa pili ulifanyika jioni, chini ya mbuyu, kwa Kigogo. Akina mama walikaa peke yao kwanza, kwani wengi wao wasingeweza kusimama kumpinga mkwe hadharani, kisha wakaleta neno lao kwa wote. Walitaka bomba lifunguliwe alfajiri, na ufunguo ukae kwa yule mjane aliye jirani nalo. Mzee mmoja alikasirika akaondoka, akarudi kesho yake. Kikao cha kwanza kilikuwa kimechukua nusu saa. Hiki kilichukua jioni tatu, na hatutawadanganya kwamba hatukuchoka.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni mtindo wa wafadhili. Na wasome Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwafukuza, wala hakujifanya kujua. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wamenena haki. Katika nchi yetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wawe wanawake. Lakini mjumbe aweza kuhesabiwa na asisikilizwe.

Tunayaandika haya kwa sababu ya jambo moja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kufanywa jiji mwaka 2018, bei ya ardhi imewageuza watu wengi vichwa. Mnunuzi huja na karatasi. Wanaume wa ukoo huketi sebuleni, na mama aliyelilima shamba hilo la mtama na karanga miaka yote yuko jikoni akiwapikia wageni chai. Mara nyingi shahidi anayeitwa ni mzee wa kanisa, kwa kuwa jina lake laaminika. Ndugu yetu, ukiitwa, usitie sahihi kabla ya kuuliza mama yuko wapi. Kalamu ikae mezani mpaka aje aketi, asomewe karatasi kwa lugha anayoielewa, na wengine wote wanyamaze anapojibu.