Mnyama Aliyeugua Kabla ya Adamu

Katika kila kijiji yuko mgonjwa ambaye jirani zake humtazama kwa jicho la kuuliza. Mbele yake hawasemi neno, lakini wakiisha kutoka nje hunong'ona: amemkosea Mungu nini, hata akapatwa na haya? Na sisi tuliobatizwa hatukuliacha neno hilo. Twasema ya kuwa maumivu yote yaliingia duniani kwa kosa la Adamu. Basi aumwaye sana, bila shaka amekosa sana. Twataka wasomaji wetu waupime pamoja nasi mfupa mmoja uliotoka nchi ya Lindi.

Kilima cha Tendaguru ki mbali na mji wa Lindi yapata kilometa 60, upande wa bara. Tangu mwaka 1909 hata 1913 wataalamu wa Berlin walichimba huko mifupa ya dinosaria, wanyama wa kale waliokwisha kutoweka. Walioshika majembe na kuchukua mizigo hata pwani walikuwa Waafrika, na msimamizi wao mmoja aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake lastahili kukumbukwa zaidi. Wengi wamesikia habari za lile jitu lililosimamishwa Berlin, ambalo kimo chake chapita meta 13. Sisi twasema habari za mdogo wake. Huko Kindope, karibu na Tendaguru, ilionekana mifupa mingi ya mnyama mwepesi, mla majani, aliyekwenda kwa miguu miwili ya nyuma. Walimwita Dysalotosaurus, maana yake mjusi asiyekamatika upesi, kwa kuwa kinga yake ilikuwa mbio. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Mwaka 2011 wataalamu walitangaza ya kuwa mmoja wao alikuwa na ugonjwa katika uti wa mgongo. Waliupiga mfupa picha ya ndani, wakaona dalili kama za ugonjwa ulioelezwa na tabibu Mwingereza James Paget mwaka 1877: mfupa huliwa na kujengwa tena pasipo utaratibu, ukanenepa bila kupata nguvu. Hata leo ugonjwa huu huwapata watu, hasa wazee.

Basi mnyama huyu alikosa nini? Hapakuwa na mtu duniani, wala amri ya kuvunjwa. Wako watakaobishana nasi juu ya hesabu ya miaka. Hatutaki kugombana nao hapa. Wengine watasema, maumivu ya mnyama si kitu. Neno hili latuudhi zaidi, wala hatudhani mfugaji aliyekesha na ng'ombe mwenye ndigana aweza kulisema.

Ni kweli, mlevi aweza kujiletea ugonjwa kwa ulevi wake. Lakini kosa la mtu si mzizi wa kila ugonjwa, na Bwana wetu alikwisha kulikataa neno hilo alipoulizwa habari za kipofu tangu kuzaliwa. Twadhani dhambi iliongeza jambo jingine, ambalo mnyama wa Kindope hakulijua: yeye aliumwa mgongo tu, asishitakiwe. Rafiki za Ayubu walipomfikia waliketi naye chini siku saba, wasiseme neno. Kisha wakaanza kumweleza sababu ya mateso yake. Katika safari yao yote, siku zile saba ndizo zilizomfaa Ayubu.