Wazazi Wanaojisifu kwa Watoto Wao



Mwajua ninyi nyote jinsi mambo yalivyo huku Kalemie siku yanapotoka matokeo ya mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza shule ya sekondari. Mtihani huo umekuwako katika nchi yetu tangu mwaka 1967, na siku hizi matokeo yake huletwa na simu, hata katika kijiji kisicho na barabara. Mara vigelegele vyasikika. Kijana aliyefaulu amwagiwa unga mweupe kichwani na mabegani, hata kope zake zawa nyeupe kama za mzee. Dada zake wamtembeza wakiimba, na mama yake atangulia mbele akitaja hesabu: mwanangu amepata 64 kwa 100! Katika nyumba ya jirani, ambamo mtoto hakufaulu, mlango umefungwa mchana kweupe.

Siwakatazi unga ule. Hata mimi nilimwagiwa siku yangu, nami nilifurahi sana. Lakini sikilizeni habari ya baba mmoja wa kijiji chetu, mvuvi wa ndagala, aliyekuwa na kijana katika mwaka wa mwisho wa shule. Tangu Pasaka baba huyo hakuwa na neno lingine. Asubuhi, wavuvi waliporudi na taa zao kutoka ziwani, wakianika ndagala juu ya mchanga, yeye alisema: Mwanangu atakwenda Lubumbashi, atakuwa daktari. Akanunua mbuzi mapema, akamfunga mbele ya nyumba ili wapita njia waulize ni wa kazi gani. Watu wakauliza, naye akawajibu. Kisha matokeo yakaja, na jina la kijana halikuwamo. Usiku ule kijana alitoka nyumbani, na kulipokucha hakuonekana.

Nitarudi kwa baba huyo. Kwanza tumtazame mzazi mwingine, ambaye Mateo Mtakatifu amemwandika katika sura ya 20 ya Injili yake.

Mama wa Yakobo na Yoane alimwendea Bwana wetu Yezu Kristu pamoja na wanawe. Akasujudu, akamwomba kwamba katika ufalme wake mmoja akae kuume kwake na mwingine kushoto. Mama huyu hakuwa mtu mbaya. Mume wake Zebedeo alikuwa mvuvi kama wengi wa kwetu, na vijana wale wawili waliacha chombo na nyavu ili kumfuata Yezu. Aliwapenda wanawe, akataka watu waone ukubwa wao. Yezu hakumkemea, bali aliwageukia vijana akawauliza kama wataweza kunywa kikombe atakachokunywa yeye. Mama aliona viti viwili. Bwana aliona mateso.

Sasa angalieni jambo lililofuata, kwa maana wasomaji wengi hulipita upesi. Mitume kumi waliobaki waliposikia habari ile, walikasirika. Walimkasirikia nani? Si mama aliyesema. Waliwakasirikia wale ndugu wawili. Mzazi ndiye aliyenena, na watoto ndio waliochukiwa na wenzao. Hata leo ni vivyo hivyo. Ukimsifu mwanao mbele ya watoto wa jirani, wewe utakwenda zako shambani, naye atabaki uwanjani pamoja nao.

Tena siku ya Msalaba mama yuleyule alikuwapo, amesimama mbali pamoja na wanawake wengine, akitazama. Kuume na kushoto kwa Yezu walikuwako wanyang'anyi wawili. Sijui aliwaza nini saa ile.

Katika Agano la Kale kuna mwanamke mwingine, jina lake Penina, mke wa Elkana. Yeye alikuwa na watoto. Anna, mke mwenzake, hakuwa na mtoto. Kila mwaka walikwea kwenda Silo kutoa sadaka, na kila mwaka Penina alimchokoza mwenzake kwa ajili ya utasa wake, hata Anna akalia, asile chakula cha sikukuu. Wazeni: safari ya kwenda kumwabudu Mungu, na mtu mmoja analia mezani kwa sababu ya ulimi wa mwenziwe. Baadaye Mungu alimpa Anna mtoto, naye ndiye nabii Samweli. Watoto wa Penina, ambao aliona fahari juu yao namna ile, Maandiko hayakutuambia jina la hata mmoja.

Hapo yanipasa kuungama kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, siku ya kutangaza matokeo katika shule ya msingi ninamofundisha, binti yangu aliitwa wa kwanza katika darasa lake. Jioni nilifika kisimani, nikawasimulia watu waliokuwapo, tena nikarudia kwa wale waliokuja nyuma. Kati yao alikuwa mama mmoja aliyemzika mtoto wake mwezi ule, kwa ugonjwa wa kipindupindu. Mtoto yule alikuwa rika la binti yangu, tena wa darasa lile lile. Nilijua, kwani nilisali kaburini. Lakini furaha yangu ilinisahaulisha. Mama yule aliniambia, Mungu asifiwe, mwalimu. Akajitwika ndoo yake kabla haijajaa, akaenda zake. Niliitazama ndoo ile ikienda, na maneno yakanikauka kinywani.

Mkatekumeni mmoja ameniuliza: Je, mwalimu, ni dhambi mzazi kufurahi? Hapana, si dhambi. Bikira Maria mwenyewe alipochukua mimba alikwenda mbio kwa Elizabeti, akamwimbia Mungu sifa. Lakini angalieni alimsifu nani, tena kwa nani alikwenda. Alimsifu Mungu aliyetenda, na alikwenda kwa mtu mwenye furaha iliyo sawa na yake, ambaye maneno yake hayakumwumiza. Katika pande zetu sisi pia twalitaja kwa furaha jina la Padri Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, aliyesoma Mpala, akapewa upadri tarehe 21 Julai 1917 kwa mikono ya Monsinyori Roelens huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, akiwa Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kuupata. Tukimtaja, hakuna jirani anayefunga mlango wake, kwa maana alipewa wote.

Yezu alipokuwa na miaka 12, walimu wa Yeruzalemu walistaajabia akili yake na majibu yake. Mama gani amepata kuwa na habari kama ile ya kurudi nayo kijijini? Maria aliyaweka hayo yote moyoni mwake, wakarudi Nazareti. Nasi twajuaje kwamba hakuyatembeza kisimani? Tazameni: miaka mingi baadaye Yezu alifundisha katika sinagogi la Nazareti, na watu wa kwao wakashangaa wakiulizana hekima hii imetoka wapi, kwani wao walimjua kuwa mwana wa seremala tu. Kama mama yake angalijisifu kila siku, wangalishangaa nini? Wazee wetu husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Neno hili lawahusu hata ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo pamoja na watoto wenu. Nimesikia mmoja akisema: Wangu ajua Nasadiki yote bila kukwama, lakini wa fulani bado hata Baba Yetu yamshinda. Mtoto wa fulani alikuwa amesimama pale pale, akisikia. Juma lililofuata hakuja kwenye mafundisho, nami nilikwenda kumtafuta nyumbani mara mbili. Padri atakapokuja kuwauliza, hatatangaza wa kwanza wala wa mwisho. Ubatizo ni zawadi ya Mungu, si tuzo ya mtihani.

Basi yule mvuvi. Siku ya tatu alinijia, macho mekundu, tukapanda mtumbwi pamoja mpaka Kalemie. Tulimkuta kijana bandarini akipakua magunia, mabega yake meupe kwa unga wa muhogo. Alipomwona baba yake hakukimbia. Alisema: Baba, umekwisha kunipeleka Lubumbashi mbele ya watu wote. Nirudi kijijini kufanya nini?

Yule baba, ambaye hajapata kukosa maneno tangu nimjue, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: Urudi ule. Mama yako amepika.

Tulifika jua likitua. Wavuvi walikuwa wakitayarisha taa zao, na mmoja akamwuliza kijana amepata ngapi. Baba akajibu mahali pake: Hakufaulu. Amerudi nyumbani. Mbuzi alikuwa bado amefungwa mbele ya nyumba. Walimchinja Jumapili, nami nilialikwa.